Kamera ya baiskeli: shahidi mzuri, ngao mbovu

Ukikaa na waendesha baiskeli wa mjini, hazipiti dakika tano kabla mtu hajasimulia alivyokoswakoswa na gari. Na siku hizi akishamaliza kusimulia, lazima mmoja aulize: "Hukuwa na kamera?" Mwingine anamalizia: "Nunua kamera ndugu yangu, uwe salama."

Swali ni zuri. Ushauri ndio wenye kasoro, na ndio ninaotaka tuuchambue leo. Salama kivipi? Kamera haina breki, haimuliki barabara, na gari likija mgongoni haina uwezo wa kulisukuma pembeni. Kama inaleta usalama, basi kuna njia inayopitia, na sisi watu wa sayansi kazi yetu ni kuuliza hiyo njia ni ipi na kama kuna mtu ameipima.

Nikiangalia madai yanayotolewa kuhusu kamera hizi, naona kazi tatu tofauti zimefungwa kwenye furushi moja. Ya kwanza ni kuzuia: dereva akijua anarekodiwa, atakupisha vizuri. Ya pili ni kushuhudia: likitokea la kutokea, una ushahidi. Ya tatu ni kufundisha: video zikikusanywa nyingi, zinatuonyesha ajali zinatokea wapi na kwa nini. Tuzifungue moja moja, maana ubora wa ushahidi wa kila kazi ni tofauti kabisa.

Kuzuia: kizibao kilichoshinda, na kilichoshindwa

Utafiti unaogusa swali hili kwa karibu zaidi ni wa Ian Walker na wenzake wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Accident Analysis & Prevention. Walifunga kwenye baiskeli kihisi kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu. Kinavyofanya kazi ni rahisi: kinapiga sauti, kinasubiri mwangwi urudi, kinahesabu muda. Gari likiwa mita 1.5 kutoka kwako, sauti inakwenda na kurudi jumla ya mita 3, na hiyo ni kama milisekunde 9 tu.

Mwendesha baiskeli alipita njia yake ya kila siku ya kazini, huku akibadilisha mavazi. Kuna siku alivaa kama mwanamichezo wa mashindano. Siku nyingine alivaa jaketi la kung'aa, au kizibao kilichoandikwa kwamba yeye bado anajifunza. Kulikuwa na kizibao kilichofanana na cha polisi, ila herufi moja imebadilishwa ikawa POLITE, yaani "mwenye adabu". Na kulikuwa na kizibao kimoja kilichotaja polisi kwa maandishi makubwa na kuonya kwamba safari inarekodiwa kwa video.

Walipata vipimo 5,690 vya magari yaliyompita. Matokeo? Mavazi karibu yote hayakuleta tofauti ya maana. Kizibao cha polisi na video peke yake ndicho kilichosogeza magari mbali: wastani wa kama sentimita 122, wakati mavazi mengine yalikuwa kati ya 114 na 118.

Mwenye duka la kamera akisoma hapo tu, atafunga kitabu kwa furaha. Sisi tuendelee kusoma, kwa sababu nina hoja tatu.

Hoja ya kwanza: kilichopimwa ni kizibao. Dereva anayekuja nyuma yako anaona mgongo wako. Kamera ndogo nyeusi iliyobanwa kwenye usukani au mbele ya helmeti haioni, na kitu asichokiona hakiwezi kumtisha. Utafiti huu unatuambia kwamba *tangazo* la kurekodiwa linaweza kubadilisha tabia kidogo. Kuhusu kamera iliyojificha hausemi lolote. Ukitaka kuuchukua neno kwa neno, basi ushauri unaotoka humo ni kuandika mgongoni kwamba unarekodi, hata kama mfukoni huna kitu.

Hoja ya pili: kizibao kilikuwa na vitu viwili kwa pamoja, neno "polisi" na onyo la video. Ni kipi kilichofanya kazi? Haiwezekani kujua. Ukimpa mgonjwa dawa mbili kwa mkupuo akapona, huwezi kuisifia moja. Mimi nadhani neno "polisi" lilibeba mzigo mkubwa, kwa sababu video bila mtu wa kuitazama haimtishi mtu yeyote. Lakini hiyo ni dhana yangu, na jaribio la kuipima si gumu: vizibao viwili, kimoja chenye onyo la video tu, kingine chenye neno polisi tu. Ongeza na waendeshaji kadhaa kwenye njia tofauti, maana mpanda baiskeli mmoja kwenye njia moja ni sampuli nyembamba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Watafiti hao hao waliona kwamba kati ya asilimia 1 na 2 ya magari yalipita ndani ya sentimita 50, *vazi lolote lile alilovaa*. Hata kizibao cha polisi hakikuwagusa hawa.

Hapa tusimame kidogo. Wastani ukipanda kwa sentimita tano, hiyo inatokana zaidi na madereva wa kawaida, wale ambao tayari walikuwa wanakupa nafasi ya kutosha, kuongeza kidogo. Lakini anayekugonga si dereva wa wastani. Anayekugonga yuko kwenye mkia wa mgawanyo: amechoka, amelewa, anachezea simu, hajakuona kabisa, au amekuona na hajali. Asiyekuona hasomi mgongo wako. Asiyejali anasoma na anapita. Kwa hiyo tunaweza kuwa na kifaa kinachoboresha wastani vizuri kabisa, huku hatari yenyewe, ile ya mkiani, imebaki pale pale. Ukipita na magari mia moja kwa siku, asilimia 1 ni gari moja, kila siku ya Mungu.

Watafiti wenyewe hawakuficha hili. Walihitimisha kwamba mpanda baiskeli hana mengi ya kufanya kwa kubadilisha mwonekano wake ili kuzuia wale wanaopita karibu kupindukia, na kwamba miundombinu, elimu na sheria ndizo zenye matumaini zaidi. Nawavulia kofia kwa kusema hivyo, kwa sababu kichwa cha habari cha "kizibao kinachookoa maisha" kingesambaa haraka zaidi.

Kushuhudia: hesabu ya pikseli

Twende kwenye kazi ya pili. Hapa watu wengi wanaamini hakuna mjadala: video ni video, namba ya gari inaonekana, kesi imekwisha. Hebu tupige hesabu.

Kamera nyingi za michezo zina lenzi pana, ili zione kila kitu. Tuseme yako inaona nyuzi 150 kwa upana, na video ina pikseli 1,920 kutoka kushoto hadi kulia. Kila nyuzi moja inapata kama pikseli 13. Namba ya gari ya Uingereza ina upana wa milimita 520, na kila herufi ina upana wa milimita 50. Gari likiwa mita 5 mbele yako, herufi moja inapata takriban pikseli 7. Bado inasomeka, kwa shida kidogo. Likifika mita 10, herufi ina pikseli 3 au 4. Hapo B, 8 na 3 ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa weka mwendo. Gari liko kwenye kilomita 50 kwa saa, wewe 18. Linakuacha kwa karibu mita 9 kila sekunde. Maana yake kuanzia linapokupita, una sekunde *moja* ya kupata picha inayosomeka. Ongeza mtikisiko wa barabara mbovu. Ongeza usiku, ambapo kamera inalazimika kuacha lenzi wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha na kila kitu kinachotikisika kinachorwa kama moshi. Kamera ya pikseli 3,840 inakuongezea umbali mara mbili, lakini inakula kadi ya kumbukumbu na chaji kwa kasi. Kwa hiyo ile tabia ya kutaja namba ya gari kwa sauti wakati kamera inarekodi ina mantiki: maikrofoni haijali giza.

Kuna tatizo la pili la lenzi pana ambalo linazungumzwa mara chache: inafanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo. Gari lililokupita sentimita 70 kutoka kwenye kiwiko, ukiliona kwenye video unajiuliza mwenyewe kwa nini ulipiga kelele. Umbali wa pembeni ni kitu kigumu kukisoma kwenye video ya namna hii bila kupima lenzi kwanza. Ndiyo maana watafiti niliowataja walitumia kihisi cha sauti, na ndiyo maana Ujerumani kuna mradi wa wazi wa OpenBikeSensor ambao watu wanajiundia wenyewe vihisi vya aina hiyo. Ujerumani sheria ya mwaka 2020 inataka mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ukishakuwa na namba kwenye sheria, unahitaji chombo kinachotoa namba.

Tuseme basi video yako ni safi. Bado inahitaji mtu wa kuipokea. Uingereza hapo wamepiga hatua. Wales kuna Operesheni Snap, ambapo raia anapandisha video kwenye tovuti, anaandika maelezo, na anakubali kwamba anaweza kuitwa mahakamani. Polisi wa maeneo mengi wanataka video nzima ambayo haijakatwa, pamoja na dakika za kabla na baada ya tukio, ili waone na wewe ulikuwa unafanya nini. Na saa inakimbia: kwa makosa mengi ya aina hii, mwenye gari anatakiwa ajulishwe ndani ya siku 14, la sivyo mashtaka yanaweza kufa. Mwongozo wao wa barabara nao, tangu Januari 2022, umeweka angalau mita 1.5 kwa gari linalompita mpanda baiskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa.

Tazama orodha hiyo tena: tovuti ya kupokea, askari wa kutazama, kiwango cha umbali, muda wa kisheria, mahakama. Kamera ni kiungo kimoja kwenye mnyororo wa viungo vitano au sita. Polisi wa West Midlands walilielewa hili mwaka 2016 walipoanzisha operesheni yao dhidi ya madereva wanaopita karibu: askari akiwa kwenye baiskeli bila sare, ana kamera, na mbele kuna wenzake wanaosimamisha gari na kuzungumza na dereva papo hapo, wakimwonyesha kwa macho nafasi inayotakiwa. Kamera ilikuwepo, lakini dereva alirudi nyumbani akikumbuka yule askari.

Kufundisha: hapa kamera inang'aa

Nisionekane nina ugomvi na kamera. Kazi ya tatu, ya kutufundisha, inaifanya vizuri sana, na ndiyo isiyotangazwa kwenye maboksi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Marilyn Johnson na wenzake wa Melbourne, Australia, waliwafungia waendesha baiskeli 13 kamera kwenye helmeti na kuwaacha waende zao kazini kama kawaida. Walikusanya saa 127 na dakika 38 za video. Ndani yake walikuta matukio 54: migongano 2, ya kukoswakoswa sana 6, na mengine 46 ya hatari ndogo zaidi. Karibu asilimia 70 yalihusiana na makutano ya barabara, na katika asilimia 87 walimwona dereva ndiye mwenye kosa.

Fikiria takwimu za polisi zingesema nini kuhusu saa hizo. Labda migongano miwili, labda sifuri. Yale matukio 52 yangebaki kuwa hadithi za vijiweni. Kamera iligeuza hadithi kuwa data, na data ikaonyesha mahali: makutano, gari linalokata mbele ya baiskeli. Hapo mhandisi ana kitu cha kushika. Sampuli ni ndogo, sikatai, na mtu anayejua ana kamera kichwani huenda akaendesha kwa adabu zaidi. Lakini mwelekeo wa swali umebadilika kutoka "nani wa kushtakiwa" kwenda "nini cha kujengwa".

Na kujenga nako kunahitaji vipimo, kwa sababu hisia zinadanganya. Mwaka 2019 Ben Beck na wenzake, huko huko Melbourne, walichapisha vipimo 18,527 vya magari yaliyowapita waendesha baiskeli 60, safari hii kwa kihisi. Gari moja kati ya kila 17 lilipita ndani ya mita moja. La kushangaza: palipokuwa na njia ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi tu, magari yalipita *karibu zaidi*, kwa kama sentimita 27. Penye njia ya rangi na magari yameegeshwa pembeni, kama sentimita 40 karibu zaidi. Dereva akiuona ule mstari anaona ameshapewa mpaka wake, anaukanyaga mpaka ukingoni.

Linganisha. Kizibao kilileta nyongeza ya sentimita chache. Mstari wa rangi uliondoa 27. Barabara inaongea na dereva kwa sauti kubwa kuliko mgongo wa mtu yeyote.

Na huku kwetu?

Nayaandika haya kwa msomaji ambaye huenda anaendesha Dar es Salaam au Mwanza, si Melbourne, na kamera hizi sasa zinaagizwa mtandaoni kama viatu. Ukishawishika kununua, swali la kumuuliza anayekushauri si pikseli ngapi. Muulize: *nikishairekodi, naipeleka wapi?*

Sheria ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na kifungu cha 18 kinataka uangaliwe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama uadilifu wake haujaguswa. Tafsiri ya mtaani: faili la asili libaki kama lilivyo kwenye kadi. Ukishalikata, ukaliwekea muziki na kulirusha kwenye kundi la WhatsApp, umempa wakili wa upande wa pili kazi rahisi. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba sura na namba za watu wasiohusika si mali yetu ya kutangaza.

Lakini wasiwasi wangu mkubwa si wa kisheria. Fikiria anayebeba magunia ya mkaa kwa baiskeli saa kumi na moja alfajiri, au kijana wa mikate. Hawa ndio wanaokaa barabarani saa nyingi kuliko sisi wa mazoezi ya Jumamosi. Tukikubali kwamba usalama wa baiskeli ni kitu cha kununua dukani, tumewaambia kimyakimya kwamba wao si sehemu ya mazungumzo. Na tumemhamishia anayegongwa jukumu la kuthibitisha kwamba hakustahili kugongwa. Tena anayeumia vibaya ndiye ambaye mara nyingi hawezi hata kubonyeza kitufe cha kuhifadhi video.

Ukiniuliza mpangilio wa matumizi ya pesa, nitasema hivi. Kwanza breki zinazoshika. Pili taa, nyekundu nyuma na nyeupe mbele, na rifleksa. Hizi zinafanya kazi *kabla* ya tukio. Ukiwa na uwezo zaidi, kuna taa za nyuma zenye rada. Garmin walitoa mwaka 2022 moja inayounganisha taa, kamera na rada inayohisi gari kutoka hadi mita 140. Kwa ile tofauti yetu ya mita 9 kwa sekunde, hiyo ni kama sekunde 15 za kujiandaa, ingawa rada haikuambii gari litapita kwa nafasi gani. Kamera peke yake iwe ya mwisho kwenye orodha. Na ukiifunga, weka tarehe na saa sahihi, futa lenzi kabla ya kutoka, na usiendeshe kwa ujasiri wa mtu mwenye shahidi. Shahidi haongezi upana wa barabara.

Na kwa wanafunzi wenzangu wa uhandisi, jiografia na takwimu: pale Melbourne walianza na watu 13 tu. Kundi moja la waendesha baiskeli wa chuo, kamera chache za kuazimana, kihisi cha sauti cha bei ndogo, miezi mitatu. Tungepata ramani ya makutano yanayokosakosa watu, yenye tarehe, saa na sentimita. Video moja ya dereva mbaya itasambaa wiki moja na kusahaulika. Ramani kama hiyo ukiiweka mezani kwa mhandisi wa manispaa, inabidi aijibu.